Dodoso la mteja mpya wa SEO: yapi tumuulize, yapi tujitafutie wenyewe

Kobe_Mpole (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa dodoso tunalompa mteja wa SEO (kazi ya kuifanya tovuti ionekane zaidi kwenye matokeo ya Google) kabla hatujagusa tovuti yake. Mengi yanayozunguka mitandaoni yana maswali 60 na kuendelea, na nusu ya majibu yako wazi kwa yeyote mwenye macho: tovuti imejengwa kwa mfumo gani, ina kurasa ngapi, ina ramani ya tovuti (faili linaloorodhesha kurasa zake kwa ajili ya Google) au haina, inafunguka kwa sekunde ngapi. Mteja akiulizwa hayo anachoka, na akichoka anaanza kujaza "ndiyo" kila mahali ili amalize. Hapo dodoso zima limeharibika, hata yale maswali mazuri.

Kwa hiyo napendekeza kila swali lipite vipimo viwili. Je, jibu lake litabadilisha chochote katika kazi? Na je, hakuna chombo kinachoweza kulijibu bila mteja? Likianguka kimoja, futa.

Halafu tugawe mara mbili. Fupi kabla ya mkataba, la kujua kama kazi inafanyika na inagharimu kiasi gani. Refu baada ya kusaini. Lile fupi ninaliona hivi:

1. Mnauza nini, na bidhaa au huduma zipi 3 zinawaachia faida kubwa kuliko nyingine?
2. Mnahudumia maeneo gani, na wapi hamuendi hata mkiitwa?
3. Anwani ya tovuti, pamoja na domeini (majina ya tovuti) nyingine zote mnazomiliki au mliwahi kuzitumia.
4. Kwa nini mmeamua sasa? Nini kimebadilika ndani ya miezi 6 iliyopita?
5. Mgeni wa tovuti akifanya nini mnasema "huyu amekuwa na faida kwetu"?
6. Nani alifanya SEO kabla yetu, na aliacha lini?
7. Nani ana uwezo wa kubadilisha tovuti, na badiliko dogo huchukua siku ngapi?
8. Je, kuna mpango wa kubadilisha mwonekano, mfumo au domeini ndani ya miezi 12?
9. Bajeti ya mwezi iko kati ya kiasi gani na kiasi gani (chagua kati ya viwango vinne), na ndani yake mmehesabu uandishi na kazi ya fundi?

Swali la 4 halina uzito machoni lakini ndilo linalotenganisha kazi. "Wageni wameshuka ghafla" ni uchunguzi wa ugonjwa. "Tunaanza kuuza huduma mpya" ni ujenzi kutoka chini. Bei haiwezi kuwa moja, wala mtu wa kuifanya hawezi kuwa yuleyule.

Toboeni, nirekebishe.

Neno_kwa_Neno

Umeanza vizuri, mkuu. Ila kwenye lile refu usije ukaweka swali la "maneno yako muhimu ni yapi?", yaani yale watu wanayoandika Google wakitafuta. Hilo swali limeharibu kazi nyingi kuliko linavyodhaniwa. Mteja si mtafiti wa maneno. Atakuandikia anavyojiita yeye, si anavyotafutwa.

Chukua muuza viti vya ofisini. Ukimuuliza maneno muhimu atajaza "samani za kisasa zenye ubora" na "suluhisho la mazingira ya kazi". Hakuna binadamu anayekaa usiku anatafuta suluhisho la mazingira ya kazi. Badilisha swali:

"Mteja akipiga simu au akituma ujumbe mara ya kwanza, anaanza kwa kusema nini? Andika sentensi 5 kama anavyozisema yeye, bila kuzisahihisha."

Muuza viti huyohuyo sasa anaandika: "mnavyo viti vya mtu anayeumwa mgongo", "hicho kiti kinabeba kilo ngapi", "gurudumu likivunjika mnauza peke yake?" Tayari una kurasa tatu. Ya kwanza ni ukurasa wa kundi la bidhaa. Ya pili ni taarifa inayokosekana kwenye kila ukurasa wa kiti, maana kama ingekuwepo asingepiga simu. Ya tatu ni vipuri, ambavyo mwenye duka hakuvitaja kabisa kwa sababu anaviona vidogo.

Ongeza mengine mawili ya jamii hiyo: "Watu wanaoghairi kununua, husema sababu gani?" na "Ni wateja gani mnawapata lakini hamuwataki?" Hilo la mwisho linaokoa. Kama hawataki wanunuzi wa kiti kimoja kimoja, basi huna haja ya kuhangaika na maneno yenye "bei nafuu", hata yakiwa na watafutaji wengi kiasi gani.

Na swali lijibiwe na anayepokea simu, sio mkurugenzi.

Ramani_404

Hapo kwa anayepokea simu nakubali kabisa. Kila sehemu ya dodoso refu iwe na jina la mjazaji juu yake: mwenye biashara, mtu wa mauzo, fundi wa tovuti. Dodoso moja likitumwa kwa mtu mmoja, atakisia sehemu mbili kati ya tatu.

Kwa sababu hiyo hiyo, Google Forms si chombo kizuri kwa lile refu. Watu watatu hawawezi kujaza fomu moja kwa pamoja, na ukiweka sehemu ya kupakia faili, mjazaji analazimika kuingia kwa akaunti ya Google; asiye nayo anaishia hapo. Lile fupi sawa, fomu inatosha, na unaweza kumpeleka kwenye sehemu tofauti kulingana na jibu (anayeuza mtandaoni aone maswali ya malipo, mwenye ofisi ya kupokea watu aone ya anwani). Refu liwe waraka wa kushirikiana wenye safu nne: swali, jibu, aliyejibu, tarehe.

Na kila swali la kuchagua liwe na "Sijui". Nafasi iliyoachwa wazi haikuambii kama mtu hajui, amesahau au anaficha.

Fundi_Linki

Mleta uzi, swali lako la 6 ni jepesi mno. "Nani alifanya SEO kabla yetu" utajibiwa jina la kampuni, basi. Unachotafuta ni alichokifanya.

Usiulize "mliwahi kununua linki?" (viungo kutoka tovuti nyingine kuja kwenu). Wote watasema hapana, na wengi hawadanganyi, hawajui tu. Uliza kwa njia ya malipo: "Je, mliwahi kulipia mojawapo ya haya?" halafu visanduku: makala kuwekwa kwenye tovuti za watu wengine, kusajiliwa kwenye orodha nyingi za biashara kwa mkupuo, kifurushi cha linki kwa mwezi, domeini ya zamani iliyonunuliwa ikaelekezwa kwenu, makala nyingi zilizotengenezwa kwa programu, Sijui. Kwa nini haya? Kwa sababu kila kimoja kina jina lake kwenye sera za Google. Linki za kununua zilianza kupigwa na Penguin, badiliko la mfumo wa Google, mwaka 2012. Machi 2024 zikaongezwa sera dhidi ya domeini zilizoisha muda na kufufuliwa kwa hila, maudhui ya mkupuo yasiyo na thamani, na kurasa za wengine zinazopangishwa kwenye tovuti yenye jina ili zipande kwa mgongo wake.

Swali linalofuata: "Mliwahi kupokea ujumbe wa adhabu ya mkono kutoka Search Console? Lini, na nini kilifanyika?" (Search Console ni chombo cha Google cha kumwonyesha mwenye tovuti inavyofanya kwenye utafutaji; adhabu ya mkono ni ile inayotolewa na mtu wa Google, si mashine.) Ripoti ya adhabu unaweza kuiona mwenyewe ukishaingia, lakini hatua zilizochukuliwa kabla yako huzijui bila kuambiwa. Kama kuna faili la kukana linki (la kuiomba Google isizihesabu) lilipakiwa, liombe. Kuna mafaili yamekana hadi linki nzuri kwa sababu mtu alipakia orodha nzima iliyotoka kwenye chombo bila kuisoma.

Kingine ambacho watu hawaulizi: nani bado ana funguo? Mtoa huduma wa zamani akiwa mmiliki aliyethibitishwa kwenye Search Console, kumfuta kwenye orodha ya watumiaji hakutoshi. Alama yake ya uthibitisho (faili la HTML, lebo ya meta, au rekodi ya TXT kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeini) ikibaki, anaweza kujithibitisha tena. Kwa hiyo dodoso liulize majina yote ya waliowahi kupewa ruhusa.

Mgeni_wa_Jukwaa

Samahani wakuu, swali la bajeti si litamkimbiza mteja? Wengi hawapendi kusema.

Kobe_Mpole

@Mgeni_wa_Jukwaa ndiyo maana ni viwango vya kuchagua, sio nafasi tupu. Atakayekimbia kwa sababu ya viwango vinne vya kuwekea tiki angekimbia tu siku ya ankara. Sehemu yenye maana zaidi ni ile ya pili: kama bajeti haina uandishi wala fundi, utatoa ushauri mzuri ambao hautatekelezwa na mtu yeyote.

@Fundi_Linki nimechukua visanduku vyote. La 6 linabaki fupi kwenye dodoso la kwanza, hayo yako yanaingia la pili.

mama_takwimu

Nije kwenye swali la 5. Jibu la kawaida ni "tunataka wageni wengi" au "tuwe wa kwanza Google". Hayo si majibu ya kufanyia kazi. La kuwa wa kwanza limalizwe mapema: Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza, na kwamba kwa kawaida huchukua miezi 4 hadi mwaka mmoja kuona manufaa. Weka sentensi hiyo ndani ya dodoso, juu ya swali la malengo. Mteja akiisoma kabla ya kujaza, anajaza kwa adabu.

Halafu uliza namba nne tu:

Mnataka wateja wapya wangapi kwa mwezi? Kati ya wanaoulizia, wangapi hununua? Mteja mmoja huwaletea faida kiasi gani kwa wastani? Na sasa hivi tovuti huleta maulizo mangapi kwa mwezi?

Tuseme anataka wateja wapya 10, na kati ya kila wanne wanaoulizia mmoja hununua. Hapo anahitaji maulizo 40. Kama katika wageni 100 wawili huulizia, anahitaji wageni 2,000 wa aina hiyo. Sasa chukua hiyo 2,000 ulinganishe na idadi ya watafutaji wa maneno yake yote. Kama soko zima lina watafutaji 900 kwa mwezi, lengo lake haliwezekani kwa SEO peke yake, na ni heri alijue kabla ya kusaini. Mara nyingine hesabu inaonyesha tatizo si wageni kabisa: anao 5,000, wanaoulizia ni 10. Huyo anahitaji kurasa zake zirekebishwe, si makala mpya 30.

Akisema hajui namba ya pili au ya nne, hilo nalo ni jibu. Maana yake kazi ya kwanza ni kuweka vipimo.

Kuhusu historia ya data, uliza tarehe, usiulize "mna Analytics?" (chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti). Search Console huhifadhi data ya utendaji ya miezi 16 tu, na hukusanya tangu mali (tovuti yenyewe, kwa lugha ya Search Console) iliposajiliwa. Isiposajiliwa, hakuna cha nyuma. Ile Analytics ya zamani iliacha kupokea data Julai 1, 2023 na mwaka uliofuata data yake ikaanza kufutwa, kwa hiyo swali ni: "Kuna mtu alihifadhi ripoti za kabla ya Julai 2023? Ziko wapi?" Na kwenye GA4, yaani Analytics mpya, muda wa kuhifadhi data ya matukio (wanayofanya wageni kwenye tovuti) kwa ajili ya uchambuzi wa kina huwa umewekwa miezi 2 tangu mwanzo; mtu lazima aingie mwenyewe aubadilishe kuwa 14. Wengi hawajawahi kuugusa. Hilo la GA4 usimuulize mteja, angalia mwenyewe siku ya kwanza ukishapata ruhusa.

Sanduku_la_Funguo

Ruhusa ndipo kazi nyingi hukwama wiki tatu, kwa hiyo nisemee hapo.

La kwanza, dodoso lisiwe na nafasi ya nywila. Kamwe. Fomu husambazwa, huchapishwa, hukaa kwenye barua pepe miaka. Uliza nani mmiliki wa akaunti, kisha umtumie maelekezo ya kukuongeza kwa barua pepe yako. Kwa kila akaunti uliza mambo matatu: ipo au haipo, imefunguliwa kwa barua pepe ya nani, na huyo mtu bado yupo kazini? Hilo la tatu ndilo linalofichua kwamba akaunti nzima iko kwa kijana aliyeondoka.

Kiwango cha ruhusa utaje wewe, mteja asikisie:

Search Console: mtumiaji kamili anatosha kwa kazi za kila siku. Umiliki unahitajika ukitaka kuongeza watumiaji, kupakia faili la kukana linki au kutangaza kuhama kwa domeini.
Analytics: mhariri, kama utaweka matukio muhimu. Kama ni kusoma tu, mtazamaji.
Google Business Profile (ukurasa wa biashara kwenye Google na ramani zake): meneja. Usikubali kuhamishiwa umiliki hata mteja akisema ni rahisi zaidi. Na ujue kuwa mmiliki au meneja mpya husubiri siku 7 kabla ya kuweza kuondoa watumiaji wengine au kuhamisha umiliki mkuu.
Mfumo wa tovuti: akaunti yako mwenyewe, si ya kuazima, ili kumbukumbu za mabadiliko zionyeshe nani alifanya nini.
Msajili wa domeini na DNS: usiombe kuingia. Uliza tu nani anaweza kuongeza rekodi ya TXT, maana mali ya domeini nzima kwenye Search Console haithibitishwi bila rekodi ya DNS. Uliza pia domeini imesajiliwa kwa jina la nani na inaisha lini. Ikisajiliwa kwa jina la aliyejenga tovuti, mwambie mteja siku hiyohiyo.

Mpiga_Kasia

Nitapingana kidogo. Mnajenga ngome ya maswali wakati simu ya dakika 45 inamaliza yote. Mtu akiongea husema mambo ambayo hangeyaandika. Swali la Neno_kwa_Neno la sentensi 5, kwa maandishi utapata mbili, zote zimesafishwa. Kwa simu utapata ishirini.

Kobe_Mpole

@Mpiga_Kasia kwa sentensi za wateja nakupa haki yako. Lakini kwenye simu hakuna mtu anayekumbuka domeini za zamani wala tarehe ya kubadilisha tovuti. Yanayohitaji kwenda kutafutwa kabatini yaandikwe. Yanayohitaji kusimuliwa yaongewe. Na simu ije baada ya maandishi, ukiwa umeshayasoma, ili dakika 45 ziende kwenye yaliyojibiwa kwa mkato au yanayogongana.

Mpiga_Kasia

Hapo tumeelewana. Ila dakika 45 ziwe 45 kweli.

Ramani_404

Narudi kwenye lile la 8 maana limepita kimya. Mteja hudhani kubadilisha mwonekano ni suala la rangi, hivyo hataji. Kumbe fundi anabadilisha na anwani za kurasa, anafuta zile "ambazo hazina kazi", na mara nyingi ndizo zilizokuwa na linki. Kwa hiyo uliza kwa upana: "Je, kuna mtu yeyote, ndani au nje ya kampuni, anajenga toleo jipya la tovuti? Litatoka lini? Anwani za kurasa zitabadilika?" Jibu likiwa ndiyo, ratiba yako yote inapinduka. Hufanyi uandishi kwanza, unaandaa jedwali la anwani ya zamani kwenda mpya, moja kwa moja, kwa redairekti ya 301 (ya kumhamisha mgeni moja kwa moja na kwa kudumu). Google wanashauri zikae angalau mwaka mmoja. Kuelekeza kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo si suluhisho. Google huweza kuzihesabu kama kurasa zisizopatikana.

Uliza pia toleo la majaribio la tovuti mpya liko wapi na limefungwaje. Likiwa limefungwa kwa "Disallow: /" kwenye robots.txt (faili linaloziambia roboti za Google zisiingie wapi), au kwa kile kisanduku cha WordPress cha kuzuia injini za utafutaji, andika pembeni kwa wino mwekundu. Siku ya kuzindua, faili huhamishwa pamoja na kizuizi chake, na tovuti mpya inazaliwa ikiwa imefungwa mdomo. Nywila kwenye seva ni salama zaidi, kwa sababu ikisahaulika kuondolewa, kila mtu anagundua mara moja.

Na tarehe! "Tovuti hii ilizinduliwa lini, na mabadiliko makubwa yalifanyika lini?" Mwezi na mwaka vinatosha. Utazilaza juu ya mchoro wa wageni, na mara nyingi mporomoko unaangukia palepale.

Hariri_Laini

Hakuna aliyegusa idhini ya maudhui. Makala inaandikwa siku mbili na kukaa wiki sita kwa mwanasheria. Maswali: nani anaidhinisha, kwa siku ngapi, na akiwa safarini nani anashika nafasi? Maneno gani hamruhusiwi kuyatumia? Kwa mambo ya afya, fedha na sheria, uliza pia nani mwenye taaluma atakayeweka jina lake kwenye makala na yuko tayari kuhojiwa dakika 30 kwa mwezi. Miongozo ya Google ya wakadiriaji wa ubora (watu wanaopima ubora wa matokeo ya utafutaji) iliongeza kipengele cha uzoefu Desemba 2022, na uzoefu haupatikani kwa kuunganisha makala za watu wengine.

Picha nazo: wana za kwao, au zote ni za kununua? Swali la mstari mmoja.

Kuhusu washindani, safu mbili. Mteja ajaze ya kwanza: "Mnapokosa kazi, huwa imeenda kwa nani?" Ya pili jaza wewe, kwa kutafuta zile sentensi za wateja na kuandika nani anatokea. Orodha hizo mara nyingi hazifanani. Mshindani wake wa biashara anaweza hata asiwe na tovuti, wakati nafasi zote 10 za juu kwenye Google zimeshikwa na tovuti za kulinganisha bei na blogu. Hapo ndipo mteja anaelewa kwa nini unataka kuandika mwongozo badala ya kung'arisha ukurasa wa mwanzo.

mama_takwimu

Nyongeza ya lugha, kwa wateja wa masoko mengi: usiulize "tovuti ina lugha ngapi?", hilo unaliona. Uliza "nani atatafsiri na kusasisha kila lugha?" Kama hayupo mtu, usianze na lebo za hreflang (zinazoiambia Google ukurasa upi ni wa lugha ipi). Kila ukurasa unatakiwa kuelekeza kwa wenzake na wenzake waurudie. Upande mmoja ukibadilishwa bila mwingine, lebo hizo hupuuzwa.

Kobe_Mpole

Nimekusanya. Fupi limebaki na maswali 9. Refu limefika 31, nitalipunguza. La picha na la lugha yanakwenda kwenye simu. Nimeweka majina ya wajazaji, "Sijui" kila mahali, na safu ya tano baada ya tarehe: "jibu hili linabadilisha nini?" Hiyo mteja haioni. Swali ambalo safu hiyo imebaki tupu kwa wateja watatu mfululizo, linatoka.

@Sanduku_la_Funguo ile sehemu ya ruhusa nitaitenga iwe waraka wake, itumwe siku ya kusaini kabla ya dodoso refu, maana data inahitajika mezani kabla ya simu.

Sanduku_la_Funguo

Sawa kabisa. Weka na tarehe ya mwisho, siku 5 za kazi, na uandike kwenye mkataba kwamba mwezi wa kwanza unahesabiwa kuanzia siku ruhusa zilipokamilika, si siku ya sahihi.